Mkono wa Huguette

Miaka ishirini na tisa Huguette Berney alikuwa akipachika almasi kwenye saa za mkono pale Le Sentier, kijiji cha mafundi saa katika bonde moja la Uswisi, na hakumwonea mtu kijicho mpaka alipokuja Maëlys Cuenot. Msichana mwenyewe wala si wa bondeni. Kila asubuhi alivuka mpaka kutoka Ufaransa na kigari chake chenye kutu, akala mshahara wa Uswisi, jioni akarudi kwao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa meza moja na Maëlys.

Mwaka huo Bwana Lugrin, mkuu wa wapachikaji, angestaafu Krismasi, na kila mtu alijua kiti chake ni cha Huguette. Ndipo mzee huyo akachukua kazi kubwa ya mwisho ya mwaka akampa Maëlys.

Ilikuwa saa ya mtambo, ya springi na magurudumu, isiyojua betri ni nini. Uso wake mzima ulijaa almasi mia nne na themanini, kubwa kwa ndogo, zimebanana kama theluji iliyojiangukia. Kazi ya namna hiyo haina mchoro. Jicho la fundi ndilo linaloamua jiwe lipi likae wapi, na kila jiwe linashikwa na vipunje vya dhahabu anavyoviinua kwa ncha ya patasi. Matajiri huisubiri miaka miwili, na ukiishika huwezi kuwalaumu: ukiigeuza kidogo tu mwanga unatawanyika kila upande, na chini yake unasikia mtambo ukitembea. Huguette alitengeneza kumi na moja za aina hiyo. Hakuvaa hata moja wala hakuitamani. Alichotamani ni kusikia watu wakisema, hii ni kazi ya Huguette, na sasa hawakusema hivyo.

"Mama Huguette, umeiona kazi ya mtoto?" aliuliza Gaspard, mng'arishaji, kwenye mapumziko ya saa tatu, mdomo umejaa mkate na jibini. "Nusura niipanguse, nikidhani theluji imeingia dirishani."

"Kwa pua yako hiyo nyekundu kama kaa ungeiyeyusha," alijibu Huguette.

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Saa ile ilipokamilika, Lugrin aliileta mezani kwa Huguette. "Ikague wewe, bibiye. Macho yangu yamechoka."

Ukaguzi wenyewe ni kipande cha soksi ya nailoni, zile ndefu za kina mama. Unakipitisha juu ya almasi, na kipunje kikisimama hata kwa unywele, kinanasa uzi. Huguette alikipitisha mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akakandamiza. Hakikunasa popote. Akavaa lenzi jichoni, akatafuta kosa kama mama mkwe anayetafuta vumbi nyumbani kwa mkaza mwana. Hakuliona. Kazi ilikuwa nzuri, na baya zaidi, ilikuwa nzuri kuliko yake. Roho ilimuuma mpaka mate yakawa machungu.

Maëlys alikuwa ameenda kunywa kahawa. Huguette alitwaa patasi yake mwenyewe, akatafuta kipunje kimoja karibu na ukingo, akakiinua kwa mkato mmoja mdogo. Akapitisha soksi, ikanasa. Akaandika kwenye karatasi ya ukaguzi: kipunje kimesimama, kazi irudiwe.

Lugrin aliisoma, akakunja uso, akamwita msichana. Maëlys aliinama na lenzi yake. Huguette alingoja machozi, na hakuona aibu kuyangoja.

"Mama Huguette," alisema Maëlys taratibu, "hapa ulikuwa unanionyesha nini?"

"Nikuonyeshe nini mimi?"

"Huu si mkato wako? Unaingia kwa kina halafu unapinda kushoto. Miaka miwili nauiga na sijauweza. Mzee, hebu tazama, si wake huu?"

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anauliza kama mwanafunzi. Pale kila fundi hunoa patasi yake mwenyewe, na makali yake huacha alama isiyofanana na ya mwingine. Huguette alilijua hilo tangu ujana wake, maana Lugrin mwenyewe ndiye aliyemfundisha kunoa. Wivu ulikuwa umemsahaulisha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Lugrin alivaa lenzi, akautazama mkato, kisha akaivua. "Huguette, ulikuwa unamfundisha?"

Uongo aliletewa ukiwa umeshapikwa, kilichobaki ni kuitikia tu, na kiti kilikuwa bado kinamngoja. Akamtazama msichana, ambaye bado alisubiri kufundishwa, na jibu la uongo likakataa kutoka.

"Saa haikuwa na kosa," alisema. "Kipunje nimekiinua mimi. Nilitaka umrudishie kazi."

Lugrin alichukua karatasi ya ukaguzi, akaikunja, akaondoka nayo. Maëlys aliitwaa saa, uso umemwiva. "Nilikuja kufanya kazi hapa kwa sababu yako," alisema, na safari hii hakumwita mama.

Akavuta kiti chake, akawasha taa, akakilaza kile kipunje. Kisha akakata upya juu ya alama ya Huguette, kwa mkato wake mwenyewe ulionyooka, mpaka ule wa zamani ukafutika kabisa.