Kona ya Ushahidi

Shangazi hakutaka mpambaji mwenye sifa. Sifa, alisema, hata rangi mbovu inazo, zimeandikwa kwenye kopo lake kwa herufi kubwa. Alitaka mpambaji aliyepimwa.

Tusimlaumu haraka. Kwa miaka thelathini na moja Shangazi alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha rangi za nyumba, na kazi yake ilikuwa kuzitesa. Rangi ikishapakwa kwenye kibao, yeye huianika juani, huimwagia maji ya mpira, huikwaruza, kisha huisugua kwa kitambaa kibichi mara mia mbili huku akihesabu kwa sauti. Iliyosalimika ndiyo iliyoruhusiwa kwenda dukani. Alipostaafu wenzake walimpa zawadi ya vibao kumi na viwili vya majaribio, naye akavitundika sebuleni, pale ambapo watu wengine hutundika picha za watoto. Kila kibao kilikuwa na rangi yake, na kila kibao kilikuwa na kona moja isiyopakwa kitu, mraba wa mbao tupu wa kutosha kiganja. Hiyo aliiita kona ya ushahidi. Kabla ya kupaka unabandika utepe wa karatasi pale konani, ukimaliza unaubandua, ili siku zote ujue ulichokifunika kilikuwa nini.

Huyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumtafutia mtoto wa kaka yake mpambaji wa harusi.

Mtoto mwenyewe nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, ingawa sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi ya kudumu kaunta namba tatu ya ofisi ya vitambulisho. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa na Bibi, mama yake Shangazi, na wote waliishi nyumba moja. Macho ya Bibi yalikuwa yamefunga duka siku nyingi. Watu aliwajua kwa mkono. Kitinda akirudi kazini huinama, Bibi humpitisha kiganja shavu la kushoto, kutoka sikioni mpaka kwenye kovu dogo la tetekuwanga karibu na kidevu, kisha husema, "Umefika." Mpaka neno hilo litamkwe, Kitinda huwa hajafika, hata awe amekwisha vua viatu.

Siku ya harusi Bibi ndiye angeushika mkono wa Kitinda na kuuweka katika mkono wa mume. Hilo lilipangwa mapema na halikuwa na mjadala. Kitinda hakuwa na haja na keki, wala maua, wala gari la kifahari. Alikuwa na haja na mkono ule.

Haja ya Shangazi ilikuwa nyingine. Siku alipoolewa yeye, mvua ilimkuta kati ya gari na mlango wa ukumbi, hatua kumi na nne tu, na wanja ukateremka mpaka shingoni. Wakwe wakamwita Bi Mchirizi. Miaka thelathini na minne imepita na bado wanamwita hivyo, hata mumewe humwita hivyo akitaka kubembeleza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shangazi aliapa kwamba uso wa Kitinda hautachirizika, hata paa la ukumbi likiezuliwa.

Majaribio yalifanyika sebuleni, na kibao alikuwa mume wa Shangazi, mzee mpole aliyestaafu ukarani wa maktaba na ambaye hakuwahi kushinda hoja yoyote katika nyumba ile. Shangazi alimbandika utepe pajini mwa uso, akaugawa uso wake nusu kwa nusu, akaita wapambaji wawili wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa mchangamfu, alipamba nusu ya kulia huku akisimulia habari za maharusi wote wa mtaa. Shangazi alimweka mumewe juu ya mvuke wa birika. Dakika ya sita unyusi wa kulia uliachia, ukateremka taratibu mpaka shavuni, ukatulia.

"Asante, mama," Shangazi akamwambia mpambaji huku akiifuta nusu yote ya kulia. "Unaongea vizuri."

Wa pili alikuja na masharti. Bibi harusi wake hacheki, hapigi chafya, hanywi bila mrija, na akibusiwa shavuni dhamana imekufa. Shangazi alipenda nidhamu hiyo. Akampa mumewe vitunguu vinne amenye, na kwenye kitunguu cha tatu nusu ya kushoto ikaanza safari ya kwenda kwenye kola. Mzee hakulalamika. Alichoomba ni aende tu kununua gazeti. Alirudi akiwa amesononeka kidogo, kwa sababu muuza gazeti alimwamkia kutoka kushoto akasema "Shikamoo mama," halafu alipogeuka ili arudishiwe chenji akaambiwa "Karibu tena mzee."

Mpambaji wa tatu aliitwa Saruji. Alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka, na vifaa vyake alivibeba katika sanduku la chuma.

"Nywele na uso?" Shangazi akamuuliza.

"Vyote. Mimi nikipaka, nimepaka."

Alimpamba mzee robo saa. Shangazi alileta mvuke, akaleta vitunguu, akaleta mpira wa maji, na mzee akanyeshewa uani huku majirani wakichungulia ukutani. Mwisho kikaja kitambaa. Shangazi alisugua akihesabu, na alipofika mia mbili akakigeuza. Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kabatini. Akakikumbatia kifuani, akakaa kitini, akasema kwamba katika miaka thelathini na moja hajawahi kuona kazi kama hiyo.

Furaha ni mkaguzi mbaya. Kwa furaha ile Shangazi aliamuru Kitinda afanyiwe jaribio kamili hapo hapo, nywele na uso mzima, siku nane kabla ya harusi. Na kwa furaha ile ile alisahau utepe.

Kitinda alipojiangalia kwenye kioo alikuta mtu mzuri sana anamwangalia. Alitabasamu kwa adabu, na yule naye akatabasamu, baadaye kidogo. Nywele zilikuwa zimepanda juu kwa ghorofa mbili, na ukizigonga zilijibu.

"Inatokaje?" akauliza.

"Kwa dawa yangu," akasema Saruji akifunga sanduku. "Dawa huja nami siku yenyewe. Nikiwaachia watu, wanaitumia vibaya."

Walijaribu sabuni. Wakajaribu mafuta ya kupikia, limau, na kitu fulani cha kuondolea kutu alichokuwa nacho mzee, ambaye sasa naye alikuwa mrembo kabisa isipokuwa pale pajini palipokuwa na utepe. Hakuna kilichotoka. Shangazi aliandika kila kitu daftarini, kwa mwandiko wa mtu mwenye raha.

Kesho yake Kitinda alisimamishwa getini kazini. Mlinzi alitazama kitambulisho, akamtazama yeye, kisha akamsomea tangazo lililobandikwa ukutani: uso usiofanana na picha hauingii. Tangazo lenyewe aliliandika Kitinda.

"Kaka, ni mimi. Wa kaunta namba tatu."

"Wa kaunta namba tatu namjua, dada yangu. Ana kovu hapa."

Hakuweza kumkasirikia, alikuwa anafanya kazi vizuri. Bosi alipofika alilinganisha sauti, akalinganisha saini, na mwisho akaamua njia ya mkato ni kumpiga Kitinda picha nyingine na kumpa kitambulisho kipya. Jioni mchumba wake, fundi wa friji, alikuja kumsalimu, akamkuta mlangoni. "Shikamoo," akasema. "Kitinda yupo?"

Hayo yote Kitinda aliyacheka, ingawa uso haukuonyesha. Lililomkata maini ni la Bibi.

Siku ile ile ya kwanza aliinama kama kawaida. Kiganja kikapita toka sikioni, kikashuka, kikatafuta karibu na kidevu, kikarudi juu kutafuta upya. Palikuwa laini na baridi, kama sahani. Bibi akaurudisha mkono wake mapajani.

"Karibu, mgeni," akasema kwa heshima. "Keti. Mjukuu wangu yuko njiani, hachelewi."

"Bibi, ni mimi."

"Sauti mmefanana kweli. Ndiyo maana nimekukaribisha."

Wakamweleza, mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamhurumia Shangazi kwa kudanganywa na mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo Kitinda alinywa chai kwa kikombe cha wageni. Alipofua nguo, Bibi alimwambia asijisumbue. Alipokuwa akiosha vyombo jikoni, alimsikia Bibi sebuleni akimsifu kwa mzee: mgeni huyu ana adabu, kwao wamemlea vizuri. Kitinda akalia juu ya sufuria. Machozi yaliteleza usoni bila kuacha alama, na hilo nalo Shangazi aliliandika.

Siku ya sita Kitinda alimuuliza, "Bibi, na harusi itakuwaje? Mkono wangu atauweka nani?"

"Wako sijui, mwanangu, kwenu watapanga. Mimi nangoja wa kwangu. Mtu nisiyemjua siwezi kumkabidhi kwa mtu."

Kitinda alimwendea Shangazi, akamwambia ataolewa na uso wake mtupu, kama alivyozaliwa. Alikuwa amejiandaa kugombana. Lakini Shangazi hakugomba. Alipanda kwenye stuli, akashusha mfuko wa plastiki uliokuwa juu ya kabati, akafungua mafundo manne na kumwonyesha picha ambazo hakuna mtu aliyeziona kwa miaka thelathini na minne. Msichana mwembamba, mistari miwili myeusi mpaka kwenye shela, na nyuma yake safu nzima ya watu wanaocheka.

"Siku moja tu," Shangazi akasema. "Nataka wewe wasikucheke."

Kitinda alizirudisha zile picha mfukoni, akayafunga mafundo yote manne.

Asubuhi ya harusi Bibi alitangulizwa ukumbini mapema ili asisukumwe na watu. Saruji alikuja na sanduku lake na dawa yake. Alifuta mara tatu, na Kitinda akatokea, mwekundu kidogo, na kovu lake mahali pake. Alilishika kwa kidole muda mrefu. Kwenye kioo, juu ya bega lake, alikuwa anaviona vibao kumi na viwili.

"Shangazi," akasema. "Kule kiwandani, kibao kisichokuwa na kona mlikuwa mnakifanyaje?"

"Tulikuwa tunakitupa. Hakifai. Huwezi kujua kimefunika..."

Shangazi hakumaliza. Aliangalia vibao, akamwangalia mumewe na lile dirisha lake pajini, akamwangalia mtoto wa kaka yake. Kisha alikwenda kwenye droo akarudi na utepe wa karatasi na rula.

"Sipambi hivyo," akasema Saruji. "Watu watasema rangi imeniishia."

"Utapamba," akasema Shangazi. "Jaribio lako nililikosea mimi mwenyewe."

Alipima kiganja cha Bibi kwa kumbukumbu, akabandika utepe shavu la kushoto, kutoka chini ya sikio mpaka kulivuka kovu.

Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa aliubandua kwa mkono wake. Palibaki mraba wa Kitinda katikati ya bibi harusi, kingo zimenyooka. Minong'ono ikaanza mstari wa nyuma. Wengine walisema ni mtindo mpya, wengine wakasema kweli rangi imeisha, na Saruji alisimama mlangoni akimweleza kila anayeingia kwamba ni agizo la mteja.

Kitinda hakusikia kitu. Aliinama mbele ya Bibi. Mkono ulianzia juu, kwenye nywele, ukasita. Ukapita paji la uso. Bibi alikwisha fungua mdomo kumkaribisha mgeni, ila mkono una mazoea yake, ukateremka kushoto wenyewe. Ukaingia ndani ya mraba ukasimama. Kidole kimoja kikatafuta kovu, kikalipata.

"Umefika," akasema Bibi.

"Nimefika, Bibi."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi? Kuna mgeni yuko nyumbani anakungoja. Mtu mzuri, lakini alikuwa analia jikoni, nilikuwa namsikia. Nikamwambia vumilia, atakuja."

Halafu akautwaa mkono wa Kitinda, akauliza mwanamume mwenyewe yuko upande gani, akauweka katika mkono wa fundi wa friji na kuubana kwa mikono yake yote miwili, kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Kitinda alilia sana, na kazi ya Saruji haikutikisika. Palipolowa ni kwenye mraba tu. Aliyeharibika ni Shangazi. Wiki zote zile hakukumbuka kujipima yeye, alikuwa amejipaka mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, wanja wa zamani kutoka kopo la zamani, na sasa mistari miwili ilikuwa imefika shingoni na inaendelea. Mkwe mmoja mzee akacheka na kuita lile jina. Mpiga picha akampa kitambaa.

"Weka kitambaa chako," akasema Shangazi. "Piga hivi hivi."

Jumatatu mlinzi alimpitisha Kitinda bila neno, kwa kuwa Saruji alikuwa amesafiri na dawa yake kwenda harusi nyingine, na uso ulifanana na kitambulisho kipya. Aliuliza tu habari ya lile dirisha la shavuni.

Picha ile sasa iko sebuleni, kibao cha kumi na tatu. Bibi yuko katikati, Kitinda na mraba wake kulia, Shangazi na mchirizi wake kushoto. Chini yake Shangazi ameandika tarehe, kama alivyokuwa akiandika kiwandani, na neno lile aliloliandika chini ya vibao vyote vilivyoruhusiwa kwenda kwa watu: imepita.