Mguu Mwepesi

Mambo mawili yalikuwa ya hakika tangu siku ya kwanza. Breki za basi lile zilikuwa nzima, na hakuna aliyezikanyaga.

Mimi ndiye mhandisi wa kampuni, na nilizipima mwenyewe kwenye karakana yetu ya mabasi huko Masoro, kioo cha mbele kikiwa bado kimepasuka na kipande cha sketi kimenasa kwenye bampa. Kisha nikasoma kumbukumbu za kompyuta ya gari. Basi lilikuwa likiingia kituoni Kacyiru polepole, jioni, watu wakitoka ofisini. Pikipiki ikalikatiza mbele. Kuanzia hapo pedali ya kulia ilikanyagwa hadi chini na ikabaki chini, mpaka basi likaupitia mstari wa abiria na kugonga ukuta. Médiatrice, karani wa wizara aliyekuwa akingoja kurudi kwake, alifia palepale.

Dereva, Silvère, alikuwa mahabusu. Aliwaambia polisi jambo moja na hakulibadilisha: alikanyaga breki, breki ikakataa.

Mugenzi, mkurugenzi wetu, alitaka ripoti yenye sentensi mbili.

"Breki nzima. Dereva alikanyaga mafuta. Weka sahihi, Mukunde. Si ndio ukweli?"

"Ndio ukweli."

"Basi?"

"Haujaisha."

Madereva bado huiita pedali ya kulia mafuta, ingawa basi la umeme halina hata tone la mafuta. Na basi la umeme lina tabia moja ambayo dizeli haina: ukiinua tu mguu kwenye mafuta, gari hujizuia lenyewe na kurudisha chaji kwenye betri. Dereva mzoefu anaweza kuteremka mlima wa Muhima mpaka Nyabugogo bondeni bila kugusa breki. Kampuni ilipogundua hivyo ilianzisha shindano, ikaliita Mguu Mwepesi. Kompyuta ilimkata dereva alama kila alipokanyaga breki. Mshindi wa mwezi alibandikwa picha mlangoni mwa karakana na kupewa kitu ambacho madereva wetu hukililia kuliko kingine chochote: kupumzika Jumapili zote za mwezi unaofuata.

Silvère huimba besi kwenye kwaya ya parokia yake kila Jumapili anayopata. Picha yake ilikuwa pale mlangoni siku basi lake lilipovutwa kurudishwa, akitabasamu, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Wenzake nao walikuwa wameongeza adhabu yao. Dereva ambaye taa zake za breki zilionekana kwenye mteremko alipokewa uwanjani kwa kelele: "Bibi kizee amefika! Mleteeni kigoda!" Nilizisikia kelele hizo mara nyingi kutoka dirishani kwangu. Nilidhani ni utani tu. Ulikuwa sehemu ya mafunzo.

Mguu wa dereva haufikirii. Huenda pale ulipozoea kwenda. Wa Silvère ulikuwa umezoea kuelea juu ya pedali moja, kuinuka na kushuka, miezi na miezi, na kuiepuka ya pili kama moto. Pikipiki ilipotokea, ulishuka pale ulipokuwa. Na mtu anayeamini yuko kwenye breki, akiona gari linaongeza kasi, hukanyaga zaidi. Hilo limechunguzwa na kuandikwa katika nchi nyingi. Sikulibuni mimi.

Nilimweleza Mugenzi haya yote ofisini kwake. Alisikiliza akiangalia simu.

"Nadharia," alisema. "Mzembe ni mzembe. Mbona Shyaka hajagonga mtu?"

Shyaka ndiye mkufunzi wetu mkuu. Alikulia Kampala, na hakuna dereva pale ambaye hakupita mikononi mwake, Silvère akiwemo. Nilisema vizuri, basi tumpime Shyaka. Mugenzi alicheka na kumwita.

"Madamu," Shyaka aliniambia, "hii basi naiendesha nikiwa nimelala. Mguu wangu unaamka mbele yangu."

"Kwa hiyo hutakataa."

"Nikatae nini? Leteni hata tembo."

Tulipanga ukuta wa matairi makuukuu na mifuko ya mchanga mwishoni mwa uwanja. Nilibandika simu chini ya dashibodi, kamera ikitazama pedali, na nyingine nikaisimamisha uwanjani ikitazama basi. Basi lilikuwa tupu, Shyaka peke yake ndani, amefunga mkanda. Kazi yake ilikuwa kuzunguka uwanja na kusimama kwenye mstari tuliouchora kama kituo. Fundi mmoja alishika kamba yenye boksi kubwa la katoni, na alijua kwamba katika mizunguko mingi hatalivuta.

Alipolivuta mara ya kwanza, Shyaka alisimama barabara. Mara ya pili pia. Mugenzi alipiga makofi.

"Umeona?"

Mtu anayengoja kushtushwa hashtuki. Niliwaacha waendelee mpaka Shyaka akachoka kungoja, akaanza kutusemesha dirishani kila alipopita.

"Mkurugenzi, agiza chai! Mhandisi anataka tukae mpaka Krismasi!"

Aliingia kwenye mstari mguu ukielea, basi likijizuia lenyewe, shingo yake ikiwa bado imegeukia kwetu. Boksi likapita mbele ya kioo.

Basi liliruka. Halikusita hata kidogo. Liliponda boksi, likapanda juu ya mifuko ya mchanga na kuzama kwenye matairi, na hata lilipokwama magurudumu ya nyuma yaliendelea kuchimba ardhi. Fundi ndiye aliyekimbia na kulizima kwa swichi ya dharura.

Shyaka alishuka mbio.

"Breki imekataa! Mkurugenzi, hii gari iko mbovu! Nimekanyaga breki, nakuapia Mungu, imekataa!"

Ni maneno yaleyale aliyoyasema Silvère. Niliitoa simu nikamwonyesha mguu wake mwenyewe, ukiwa kwenye mafuta, ukisukuma. Aliitazama video hadi mwisho.

"Huo si mguu wangu," alisema. Halafu akaangalia kiatu chake.

Mugenzi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Sasa tunajua. Shyaka naye hafai. Wote wawili nje."

Sina mazoea ya kupandisha sauti kazini. Siku ile niliipandisha.

"Ukimfukuza kila ambaye mguu wake unafanya ulichoufundisha, utabaki na mabasi na picha za mlangoni! Wapime wengine. Uwapime wote kabla hawajabeba watu kesho."

"Nani atabeba abiria wakati wewe unacheza na maboksi? Mji usimame?"

"Na shindano?"

"Shindano linatuokolea umeme. Andika sentensi zako mbili."

Sikuziandika mbili. Niliandika zote, nikaambatisha video ya simu zote mbili, pedali upande mmoja na basi upande wa pili, nikaipeleka ripoti kwa mwendesha mashtaka na kwa Phiona, wakili wa Silvère. Nilitegemea Phiona afurahi. Hakufurahi, kwa kuwa utetezi wake wote ulisimama juu ya breki mbovu.

"Akikubali alikanyaga mafuta, amejifunga mwenyewe," alisema.

"Akisema breki zilikataa, nitaulizwa, na nitajibu zilikuwa nzima."

Tulikwenda pamoja kumwona. Silvère alikulia Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili chake hakina haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Hata wewe, dada? Mimi nimeendesha malori Bujumbura mpaka Uvira, gari za gia, barabara za kukausha mate. Leo sijui breki iko wapi?"

"Unajua iko wapi. Mguu wako ndio ulioacha kwenda huko."

"Wamekutuma."

Phiona alimpa simu. Silvère alitazama basi likiruka, matairi yakimwagika, kisha Shyaka akishuka na kuapa.

"Mwalimu!" alisema, na karibu acheke. Akaomba kuiona tena. Mara ya pili hakumtazama Shyaka, aliutazama mguu.

"Kwa hiyo nilivyozidi kukanyaga," alisema, "nilikuwa namkanyagia yule mama."

"Ndiyo."

Hakuna ukweli mwingine niliokuwa nao wa kumpunguzia huo.

Mahakamani alisimama na kutamka kwa Kinyarwanda kwamba alikanyaga mafuta akiamini ni breki, na kwamba zamani hakuwa hivyo. Mwendesha mashtaka akasema mshtakiwa amekiri, basi. Hakimu hakuona hivyo. Aliniita, akaiona video, akauliza maswali ya maana kuhusu pedali na mwisho akamwita Mugenzi.

Mugenzi alieleza kwamba shindano lilikuwa la hiari, na kwamba kampuni inaweka usalama mbele.

"Katika shindano hilo," hakimu aliuliza, "dereva aliyekanyaga breki ili kumwokoa mtu alipewa alama ngapi?"

"Mheshimiwa, kompyuta haiwezi kujua sababu ya..."

"Ngapi?"

"Alikatwa."

"Alikatwa," hakimu alirudia, akaandika.

Silvère aliachiwa asubirie hukumu nyumbani, akiwa amezuiwa kuendesha. Shindano lilisimamishwa kwa amri, madereva wote warudishwe mafunzoni, na uongozi wa kampuni uchunguzwe. Nje ya mahakama Mugenzi aliwaambia waandishi wa habari kwamba kampuni ilikuwa tayari imeanza kuchukua hatua hizo yenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikawaambia si kweli, nikawataja madereva niliowaona wakiingia barabarani siku iliyofuata jaribio, bila kupimwa, Mguu Mwepesi ukiendelea. Ajira yangu ilikoma wiki ileile. Sishangai, na sijuti. Linalonikera ni kwamba ilibidi mwanamke afe ndipo mtu aulize mguu wa dereva unafundishwa nini.

Hivi majuzi nilipanda basi Kacyiru, kwenye kituo kilekile. Ukuta umepakwa rangi upya, na mstari wa abiria umesogezwa nyuma ya vizuizi vya chuma ambavyo vingeweza kuwepo tangu mwanzo. Dereva kijana nilimtambua, ni mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele za kigoda. Mteremkoni alikanyaga breki. Akaachia, akakanyaga tena, pasipo chochote mbele, tukainama sote pamoja.

"Dereva!" mama mmoja alifoka. "Unatubeba kama viazi? Umebeba watu, sha, we kijana!"

"Ndiyo maana, mama," kijana alijibu, macho barabarani. "Naukumbusha mguu."

Mama akasonya, akajishikilia vizuri. Kijana akakanyaga tena.