Buti za Gaston

Ndoo ya mate ilikuwa imejaa tena. Solange aliiinua kutoka kwenye meza ya kuonjea, akaikumbatia kifuani isimwagike. Wageni wa basi walikuwa wakisukutua mvinyo, wakitema na kusifu. Kila chupa waliyoshika ilikuwa na jina la marehemu mumewe, limeandikwa kwa herufi za dhahabu: Gaston.

"Na zile pale ndizo buti zake," alisema Clémence, msichana wa kuongoza wageni. Buti zilikuwa juu ya rafu, zimefungwa utepe mwekundu. "Aliupenda mvinyo mpaka ukamchukua."

"Kifo kizuri," alisema mwanamke mwenye kofia pana, akapiga picha.

Kifo kizuri! Gaston alikufa mdomo wazi, kifudifudi juu ya makapi ya zabibu, ndani ya tangi la saruji, wala hakuwa na hata tone la mvinyo tumboni. Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito isiyoonekana. Hewa hiyo hujilaza chini ya tangi, na mtu akiivuta haamki. Pale kijijini Saint-Orlain hilo linajulikana hata kwa watoto. Ndiyo maana, kabla mwanamume hajaingia kukomba makapi, mkewe hushusha mshumaa kwa kamba. Ukiendelea kuwaka, anaingia. Ukizimika, wote huenda zao kula mkate na jibini wakangoja.

Vuli iliyopita Solange alikuja na mshumaa wake. Lescure, mwenye shamba, alimzuia mlangoni. "Basi limeshafika, mama. Watu wamekuja kuona kazi, hawakuja kanisani. Hebu nenda kaoshe glasi." Akaenda. Hajajisamehe mpaka leo, na Lescure ndiye hajamsamehe kabisa. Nyumba anayolala ni ya shamba, na nyumba hiyo ndiyo iliyomziba mdomo mwaka mzima.

Leo aliamua liwalo na liwe. Mshumaa ulikuwa kwenye mfuko wa aproni.

Alipanda ngazi nyuma ya wageni, ndoo mkononi. Juu, kwenye mdomo wa tangi, Plamen alikuwa tayari na koleo lake. Huyu alikuwa kibarua kutoka Bulgaria, mtu mzima mwenye mvi masharubuni. Mkewe alikuwa huko kwao. Hapa hakuwa na wa kumshikia kamba.

"Kaa hapo hapo, Plamen," Solange alisema. Akaweka ndoo chini, akawasha mshumaa, akaushusha taratibu. Wageni walisogea wachungulie. Mwali uliyumba, ukawa mdogo, ukazimika kabisa.

Akapandisha utambi unaofuka moshi, akamgeukia Lescure. Moyo ulimdunda kwa furaha kali, furaha ya mtu aliyengoja sana.

"Haya, bosi. Umezimika. Ingia wewe."

Lescure aliwageukia wageni.

"Ingia! Si ulimwambia Gaston hamna kitu mle? Tangi lako, zabibu zako, wageni wako. Vua viatu ushuke, nikuone."

Lescure alicheka. Alikuwa na meno mazuri, yule mtu. "Mabibi na mabwana," alisema, "mmebahatika! Hii ndiyo mila ya mshumaa, ya kijiji chetu. Mpigieni makofi Mama Solange!"

Wakampigia makofi. Mwanamke wa kofia pana alipiga ya nguvu kuliko wote.

Lescure alimwinamia sikioni, bado anatabasamu. "Wewe mama, ile nyumba unayolala ni ya nani?"

Solange aliinua ndoo akammwagia yote, kuanzia kwenye nywele zilizochanwa vizuri mpaka kwenye viatu vyeupe. Mate ya watu wote wale, mekundu, yalimchuruzika shingoni yakaingia ndani ya shati. Aliona macho ya Lescure yakibadilika, na akafurahi, naam, alifurahi sana. Hata angelala barabarani usiku ule, hilo alishalipata.

Kisha Lescure alijipangusa uso kwa kiganja, akainua mikono yote miwili. "Na mavuno yakiisha, tunamwagiana!" alipaza sauti. Wageni walipasuka kwa kicheko. Mmoja alimnyunyizia mwenzake mvinyo wa kwenye glasi. Simu zote zilikuwa juu.

"Clémence, niletee taulo. Plamen, unangoja nini? Ingia."

Plamen aliutazama mshumaa. Alimtazama Lescure, halafu wageni.

"Mwambie hutaki," Solange alisema, akimshika mkono wa shati. "Usiingie, ndugu yangu. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona, mama," alisema Plamen polepole. "Lakini kibali changu cha kazi anacho yeye."

"Nitavuta pumzi, niizuie. Nitakomba upesi," Plamen aliongeza.

"Na Gaston alisema hivyo hivyo!"

Plamen aliutoa mkono wa Solange kwenye shati lake kwa upole, kidole kimoja kimoja. Solange alijaribu kuuwasha mshumaa tena, lakini utambi ulikuwa umelowa mate. Plamen alikaa ukingoni. Akavua buti moja, akavua na ya pili, akaziweka pembeni.

Clémence alirudi na taulo. Alipomkabidhi bosi, aliinama akazisogeza zile buti kidogo, zikae vizuri kwenye picha.