Ubeti wa Sita

Mikate ilitoka imepauka. Baba aliivuta kutoka tanurini kwa ule ubao wake mrefu, akabonyeza mmoja kwa kidole gumba, akaguna, akairudisha yote ndani. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kukandia, mikono imezama kwenye unga hadi viwikoni, na sababu niliijua kabla yake. Alikuwa ameruka ubeti wa sita, na ubeti wa sita ulikuwa wangu.

Inabidi nieleze. Katika duka letu la mikate hapakuwa na saa. Baba alipima moto kwa shairi. Akishafunga mlango wa tanuri alianza ubeti wa kwanza, kwa mahadhi yake ya kuburura, kila ubeti karibu dakika nzima, na akimaliza wa kumi na nne alifungua, mikate imeiva. Shairi alilitunga mwenyewe, likawa linarefuka kadiri maisha yalivyorefuka. Ubeti wa pili ulihusu siku aliyomwoa mama. Wa nne ulihusu paa lililovuja na kuharibu magunia saba ya unga. Wa sita nilizaliwa mimi. Wa kumi na tatu ulikuwa wa kifo cha mama, nikiwa na miaka kumi na mitano. Kila ubeti ulipoongezeka, baba alipunguza kuni kidogo ili hesabu ya moto isiharibike. Wateja waliokuwa kwenye foleni waliitikia kibwagizo, na upande wa pili wa ukuta jirani yetu fundi viatu, tuliyemwita Msumari kwa kuwa daima alikuwa na misumari mdomoni, aligonga nyundo kwenye vituo vya mistari. Niliwahi kumshauri baba aliandike. Akasema karatasi ni ya kufungia mikate, basi nami nikaliweka jambo hilo kiporo.

Wiki ile mikate ilipopauka tulikuwa tumegombana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jumatatu nilimwambia kwamba nimepata kazi ya ofisini, mji mwingine, na kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka. Aliuliza tu nani atakanda. Nikamjibu jibu baya, kwamba sikuzaliwa niwe mashine ya kukandia unga. Kwa hiyo Alhamisi, alipotoka ubeti wa tano akaingia wa saba bila hata kuvuta pumzi, nilielewa kama nilivyotaka kuelewa: amenifuta. Mbele ya wateja, na Msumari akisikia, baba yangu mzazi amenitoa nyumbani mwake.

Nikanuna. Mimi nikinuna nanuna kweli, hilo nimelirithi kwa mama. Kwa siku kumi na tisa nilikanda bila kumsemesha zaidi ya "chumvi" na "maji". Kila asubuhi nilitega sikio nisikie ubeti wangu, kila asubuhi ulirukwa, na baba akairudisha mikate ndani huku akizilaumu kuni kwamba ni mbichi. Mara mbili alinigeukia kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nikampa mgongo. Nilijiambia kwamba mkubwa akikosea naye aombe radhi, na mwisho wa mwezi ulipofika niliahirisha safari kwa juma moja, nikiisubiri hiyo radhi.

Siku ya ishirini alifunga mlango wa tanuri, akaanza wa kwanza vizuri kabisa, kisha akaingia wa tatu.

Mikono yangu ilisimama. Kwamba baba ameniondoa mimi, ningeweza kuamini. Kwamba amemwondoa mama pamoja na ubeti wa harusi yao, hapana. Huyu ni mtu aliyekuwa bado analala upande mmoja wa kitanda, miaka saba baada ya kumzika. Nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu tugombane. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri, midomo wazi, akitafuta, na usoni mwake kulikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuiona.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "kuna mahali hapa pana shimo. Nikifika, nadondoka."

Kazi ya ofisini sikwenda. Nisisifiwe kwa hilo, kwa sababu nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Wateja walikuwa wameanza kurudisha mikate, ndani ikiwa mibichi, basi nikanunua saa ya kengele, nikaiweka juu ya rafu, nikamwambia baba apumzishe kichwa. Nilidhani namsaidia. Mikate ikaiva vizuri kuliko miaka yote, na baba akawa hana tena sababu ya kuanza ubeti wa kwanza. Foleni ikawa kimya. Msumari alipiga nyundo zake ovyo ovyo, kama fundi mwingine yeyote.

Miezi mitatu ilipita kabla sijanunua daftari. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja na mizigo yake yote. Nilikaa na baba kila alasiri, kalamu mkononi, na tulichopata ni beti tatu na nusu. Wangu haukuwemo. Mimi mwenyewe nilibaki na neno "unga", neno "chafya", na mahadhi. Niliusikia maelfu ya mara, lakini msichana hausikilizi ubeti wake mbele ya wateja. Anaona haya, anaupiga unga mezani kwa nguvu ili usisikike.

Miaka miwili baadaye baba alikuwa mtu wa kiti cha dirishani. Mimi alikuwa ananiita dada, kwa heshima, kama anavyoitwa muuguzi. Alasiri moja Msumari alikuja kumjulia hali. Akakaa, akatoa misumari mdomoni, akaitia mfukoni, akasema amesikia kwamba nilikuwa natafuta beti. Zote hakuwa nazo. Alisema aliokuwa nao kamili ni mmoja tu, kwa sababu kila ulipofika, baba alipandisha sauti. Akaanza, akigonga mguu wa kiti kwa vidole:

Nilikuja na haraka, mikono bado ya unga,
Usoni nikakupaka, ukapiga chafya changa,
Mama yako akacheka, chumba kikajaa mwanga,
Moto usiukimbize, mkate huja wenyewe.

Sikuweza kuandika. Daftari lilikuwa mapajani na kalamu ilikuwa mkononi, lakini machozi yalinizuia hata kuuona mstari. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kibwagizo kilipofika alikiitikia kwa sauti ndogo. Kisha akanigeukia.

"Zuri hili," alisema. "Aliyelitunga alimpenda sana mtoto wake."

Nikamwambia ndiyo, alimpenda.

"Na mtoto mwenyewe alijua?"

Nikaushika mkono wa baba, nao ulikuwa mwepesi, mkavu, na safi mno.

"Alichelewa kidogo," nilimwambia. "Lakini alijua."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamwomba mgeni wetu arudie.