Taa Zinacheza, Besi Imelala

"Chombo chenye waya cha kumshinda Alex hakijatengenezwa," alisema Alex mwenyewe, maana aliona wengine wangechelewa kumsemea.

Alikuwa ameinama nyuma ya meza ya muziki katika mgahawa wa shangazi yake Benadetha, pale Nangurukuru mabasi yanaposimama abiria wakala. Mezani palikuwa na deki ya kaseti, amplifaya, na ikwalaiza mpya kutoka Dar. Ndiyo miaka ya ruksa hiyo, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango: sanduku la kurembea sauti linafika Kilwa kabla ya lami.

Kwenye benchi aliketi baba yake, Mzee Likwata, aliyetoka Rutamba na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mwanawe.

"Kidato cha nne umemaliza," alisema mzee. "Twende, mikorosho imezidiwa na majani."

"Siendi, baba."

"Utakula waya?"

"Kaka, msikilize kwanza," Benadetha aliingilia. "Hilo sanduku likibadilisha sauti kweli, namwajiri hapa, apige muziki na kurekodi kanda. Lisipobadilisha, mchukue leo hii. Au Alex, tumwite fundi Fakihi?"

"Fakihi anajua pasi, shangazi. Mwache na pasi zake."

Akawasha. Taa nyekundu na kijani zikarukaruka kwa kufuata ngoma, abiria wakaacha samaki wakatazama. Alex akapandisha kijiti cha besi kwenye ikwalaiza. Sauti ile ile. Akakishusha mpaka chini. Ile ile, wala haikujali.

Waya alikuwa amezichomeka sawasawa, haki yake tumpe. Kilichobaki ni kitufe kimoja cha amplifaya, cha kuirudisha sauti ikishapita kwenye ikwalaiza. Bila kukibonyeza, sanduku linapata sauti ya kuchezeshea taa tu. Spika hazina habari nalo. Kijitabu cha maelekezo kilisema hivyo ukurasa wa pili, lakini kwa Alex maelekezo yaliandikiwa wasiojua.

"Naona taa," alisema Mzee Likwata. "Masikio yangu hayaoni kitu."

"Inajipasha moto, baba."

Mkono wake wa kushoto ukapenya taratibu nyuma ya rundo la kanda, ukakamata kizungushio cha besi cha amplifaya. Wa kulia ukapandisha kijiti cha ikwalaiza kwa madaha, wa kushoto ukazungusha. Vifuniko vya sufuria vikatetemeka.

"Shusha," mzee aliamuru.

Besi ikalala.

"Pandisha."

Ikaamka. Benadetha akacheka. Mzee akaukunja mfuko wake mara moja, akaukunja tena, akauweka mapajani kama mtu anayetafuta maneno ya kukubali kushindwa.

Ndipo Samia, mpishi wa chapati, akatokea mlango wa jikoni, ulio nyuma kabisa ya meza ile, sinia kichwani. Akasimama. Akatazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Hebu mwambie huyo ainue mikono yote miwili, halafu apandishe kwa kidevu."

Mzee Likwata akainuka, akaizunguka meza polepole, akachungulia nyuma ya kanda.

Alex aliinua mkono wa kulia juu kabisa. Wa kushoto hakuutoa, na macho hakuyainamisha.

"Huu una kazi, baba," alisema.