Maoni ya Mashabiki Kuhusu "Kutu"

Jumamosi saa tisa alasiri, kama kila Jumamosi, mashabiki kumi na mmoja wa bendi ya Radi Kavu walikutana kwenye karakana ya fundi wa friji, wakakaa juu ya friji mbovu zilizolazwa chali. Ajenda ilikuwa moja tu: albamu mpya, jina lake "Kutu". Mwenyekiti, ambaye ndiye fundi wa friji mwenyewe, alikuwa ameweka CD kwenye redio yake yenye kishikio kilichofungwa waya. Katibu, mwalimu wa hesabu, alikuwa amechora jedwali la alama kwenye daftari, kwa rula.

Shabiki wa kumi na moja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini aliyefanya kazi ya kuchonga lenzi katika duka la miwani. Walimwita Kimya. Tangu ajiunge nao miaka sita iliyopita hakuwa ametamka neno, na si kwamba alikuwa na maringo. Hakuwa na sauti, basi.

Sauti yake ilibaki studio. Miaka kumi na minne iliyopita, siku ya Alhamisi, aliitwa kuitikia katika wimbo mmoja wa Radi Kavu, enzi hizo bendi haijulikani hata na majirani zake. Aliimba kiitikio mara moja, kisha akamuuliza fundi mitambo aliyekuwa nyuma ya kioo, "Nirudie?" Fundi mitambo akainua kidole gumba. Kimya akatoka nje, akataka kumuuliza mpita njia saa ngapi, akakuta sauti haipo. Wiki iliyofuata alirudi kuifuata, kama mtu anavyofuata mwavuli aliousahau. Dada wa mapokezi alifungua droo ya vitu vilivyosahauliwa, akapekua kofia, funguo na kiatu kimoja cha mtoto, kisha akatoa karatasi ambayo Kimya alikuwa ameisaini. Iliandikwa kwamba sauti itakayorekodiwa siku hiyo ni mali ya bendi. Kimya aliisoma mara mbili. Haikusema nakala ya sauti, ilisema sauti, na watu wa studio ile walikuwa makini na kazi yao.

Tangu hapo sauti ilizunguka na bendi, ikaitikia nyuma ya magitaa katika albamu tano. Jina la Kimya halikuandikwa kwenye jalada hata moja. Kazini hakupungukiwa na kitu, maana lenzi haichongwi kwa mdomo, na wateja walimsifu kwamba hana mambo mengi. Kilichomuuma kilikuwa kimoja, na kilimuuma kila Jumapili. Mama yake alikuwa amepofuka kwa presha ya macho mwaka mmoja kabla ya siku ile ya studio, na baada ya hapo alimjua kila mtu kwa sauti. Kimya alipoanza kuja bila sauti, mama hakumtambua. Kaka yake alieleza mpaka akachoka. "Mama, huyu ndiye mwanao." Mama alimpapasa Kimya uso, akasema ni uso mzuri, lakini mwanawe yeye hajawahi kukaa kimya hata wakati wa kula. Kwa hiyo Kimya alikuwa akienda kila Jumapili kumtembelea mama yake mzazi, na mama akimkaribisha kwa adabu zote anazostahili mgeni.

Maoni kuhusu "Kutu" yalianza vizuri, kisha yakaharibika, kama kawaida. Mwenyekiti alisema magitaa yamerudi kuwa mazito, hayo ndiyo magitaa aliyoyalilia miaka yote. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyekuja na sare yake ya kazi, akasema besi imemezwa na dramu, na mtu aliyechanganya nyimbo hizi akapimwe masikio. Wawili walisema albamu ya kwanza ilikuwa bora, jambo walilokuwa wamelisema pia kuhusu albamu ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Shabiki wa roki asiyesema zamani walikuwa wakali zaidi bado hajazaliwa. Katibu aliandika yote.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye wimbo wa tisa, wa mwisho. Kwa mara ya kwanza ile sauti ya nyuma ilikuwa imeletwa mbele. Iliimba peke yake kuanzia ubeti wa kwanza mpaka magitaa yalipokatika, na kiitikio chake kilikuwa neno moja, "Nirudie", likiimbwa mara arobaini na mbili. Katibu alikuwa amehesabu.

"Anamwita mpenzi wake," alisema Muuguzi. "Mtu amemwacha, anamwambia nirudie. Hata mimi niliwahi kusema hivyo, na sikurudiwa."

"Hapana bwana, anawauliza mashabiki," alisema Katibu. "Nirudie wimbo, au nisirudie? Ndiyo maana karudia mara arobaini na mbili. Hakuna aliyemjibu."

Wakagawanyika. Sauti zilipanda mpaka mlango wa friji moja iliyosimama kando ukafunguka. Kimya alikuwa amekaa mwishoni, amesogea ukingoni mwa friji, kwa sababu kwa miaka sita alikuwa akija hapa kusikiliza sauti yake ikiwa nyuma, nusu imefunikwa, na leo ilikuwa imesimama wazi katikati ya chumba. Akachukua kalamu ya Katibu, akaandika kwenye ukurasa wa jedwali: Sauti hii ni yangu. Nilikuwa namuuliza fundi mitambo kama nirudie kuimba.

Daftari likapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyebisha. Muuguzi alimtazama koo kwa jicho la kazi, akasema, "Ndiyo, pale panaonekana ni patupu."

"Ulisaini?" aliuliza Mwenyekiti.

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Ah. Basi."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akasema maana aliyoileta mwenye sauti wa zamani nayo iingizwe kwenye kura. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mpenzi alipata kura sita, mashabiki walipata nne. Fundi mitambo alipata moja, ya Kimya mwenyewe. Katibu akaandika kwamba "Nirudie" ni wimbo wa mapenzi, akapiga mstari chini kwa rula. Muuguzi alimwinamia Kimya, akamnong'oneza asivunjike moyo, maana yake nayo si mbaya, ila haina hisia.

Wakati huo wote CD ilikuwa bado inazunguka. Wimbo wa tisa ulipoisha, magitaa yalinyamaza na sauti ikabaki ndani ya spika.

"Hapo ni wapi?" iliuliza. "Mbona pana mwangwi wa mabati?"

"Karakanani," alijibu Mwenyekiti.

"Haya. Habari za kazi?"

"Nzuri. Friji tu."

Nakala zote za "Kutu" zilikuwa hivyo. Baada ya wimbo wa mwisho sauti ilibaki na kuzungumza na yeyote aliyekuwepo, kwa muda wowote aliotaka. Mashabiki walikuwa wameshazoea tangu wiki ya kwanza, na maoni yao hayakuwa mazuri. Wengi waliona mazungumzo yanarefusha albamu bila sababu. Mmoja alisema kwake yeye sauti iliongea kuhusu hoteli zenye mito migumu kwa saa nzima, na hakuna hata gitaa moja lililopigwa. Katibu alipendekeza alama nne kati ya kumi, zikapita.

"Mbona umekauka hivyo?" Muuguzi aliiuliza sauti.

"Safari, dada yangu. Na moshi wa jukwaani. Hawanipumzishi."

Kimya alishika koo lake. Sauti ilikuwa imezeeka vizuri kuliko yeye, ila ilikuwa na mkwaruzo mwishoni mwa maneno ambao yeye hakuwahi kuwa nao, na alijikuta anaionea huruma. Kikao kilipofungwa aliandika kwamba anaomba kuazima CD pamoja na redio, na Mwenyekiti akampa bila maswali, akimtahadharisha tu asiishike redio kwa kishikio.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, aliiweka redio kwenye meza yake ya chakula na kukaa upande wa pili. Alivumilia nyimbo nane, ingawa wa nne hauvumiliki. Wimbo wa tisa ukapita. Kisha sauti yake ikasema, chumbani kwake, karibu kabisa, "Kuna mtu?"

Kimya alipumua kwa nguvu. Alisogeza kiti. Akagonga meza mara tatu.

"Karibu," ilisema sauti. "Mlango uko wazi."

Akagonga tena.

"Karibu, ingia tu." Ikasubiri kidogo. "Haya, kama huingii."

Redio ikanyamaza. Kimya alikaa pale mpaka chumba kikawa cha kijivu. Alikuwa na mengi ya kuiambia, ya miaka kumi na minne, na aliyekuwa na uwezo wa kuyasema alikuwa amekwisha kujizima upande wa pili wa meza. Aliwaza hilo, akacheka bila kutoa mlio, kisha akalia vilevile.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alibeba redio kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sufuria ya maji ya moto, akaenda nyumbani kwa kaka yake, anakoishi mama. Kaka hakuwepo. Wifi yake alimfungulia, akaangalia redio, akasema, "Leo umekuja na makubwa, wifi." Kimya akamwandikia kwenye kiganja: yumo humu. Wifi akaelewa, akaenda kufuta vumbi kwenye meza ndogo iliyo kando ya kitanda cha mama.

Mama aliketi kitandani na shali mabegani, akauliza nani huyo. "Ni yule mgeni wetu," alijibu wifi, kwa sababu alishachoka kujibu vingine. Safari hii Kimya hakuanza na wimbo wa kwanza, alienda moja kwa moja kwenye wa tisa. Mama alisikiliza magitaa kwa uvumilivu, kidole kimoja sikioni. Alipoisikia "Nirudie" ya kwanza, akakishusha kile kidole.

Wimbo ukaisha.

"Hapo ni wapi?" iliuliza sauti.

"Ni kwangu," alisema mama. "Ni kwangu, mwanangu. Ulikuwa wapi wewe?"

"Mama! Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeuliza, ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama. Safari juu ya safari."

"Unakula?"

"Sina haja siku hizi."

"Ndiyo hayo. Nasikia umekauka."

Wakazungumza. Mama alimweleza kuhusu miguu yake, na kuhusu jirani aliyehama na ngazi ya watu, na sauti ikamweleza kuhusu uwanja mmoja ambamo watu elfu thelathini waliwasha tochi za simu. Mama alitaka kujua kama watu hao walikuwa na adabu. Kimya alikaa kwenye kiti chake cha kila Jumapili akiangalia uso wa mama yake ukilainika, na kwa dakika kadhaa alikuwa na furaha kamili. Hakuna aliyemnyang'anya dakika zile.

"Kuna mtu hapa," mama aliiambia sauti, akishusha kidogo ya kwake. "Anakuja kila Jumapili. Ananisuka, ananibadilishia shuka, anakaa. Hasemi kitu. Wewe unamjua?"

Sauti ilifikiri. "Amewahi kusema neno?"

"Hata moja."

"Basi simjui, mama. Mimi watu nawajua kwa kuwasikia."

"Hata mimi," alisema mama.

Hapo wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashindwa kujizuia. Aliingia, akainama karibu na spika. "Wewe, huyu ndiye mwenyewe," alisema. "Huyu aliyekaa hapa ndiye mwenye wewe."

"Mwenye mimi ni bendi," ilijibu sauti kwa upole. "Karatasi ipo."

Wifi alisimama wima, akamwangalia Kimya. Kimya alitikisa kichwa kuthibitisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Ukaguzi wowote ungeikuta karatasi ile ni halali, ina tarehe na sahihi yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mwandiko mzuri siku alipokuwa na miaka ishirini na sita na haraka ya kuimba.

"Mkwe wangu, usiwachanganye watu," alisema mama. Kisha akageuza uso wake kuelekea kwenye kiti, akanyoosha mkono mpaka akaupata mkono wa Kimya, akaubana. "Mama, sijui nikuite nani. Umeniletea mwanangu, Mungu akulipe. Sasa nakuomba kitu kimoja, usinifikirie vibaya. Tupishe kidogo. Tuna maongezi ya mama na mwana."

Kimya aliinuka. Akaisogeza redio karibu na mto ili mama asilazimike kupaza, akatoka, akavuta mlango taratibu mpaka ukashika. Wifi alikuwa ameshamwekea kiti ukumbini, nje ya mlango, na alikaa pale mikono mapajani. Ndani mama yake alicheka, kicheko kile cha zamani cha kukatika pumzi, na sauti ikacheka naye. Maneno yao hayakusikika vizuri kupitia ubao wa mlango. Kimya akasogeza kiti mpaka sikio likafika mlangoni, akasikiliza habari zake mwenyewe za miaka kumi na minne, nyingi alikuwa hazijui.