Kitabu Ambacho Mzee Mwaringa Hakukisoma

Katika chumba cha vitabu cha shule ile iliyo kando ya njia ya Takaungu, kila kitabu cha breli kilikuwa na majina mawili kwenye ukurasa wa kwanza. La kwanza lilikuwa la yule aliyekinukuu kutoka kitabu cha wino cha wenye macho. La pili lilikuwa la yule aliyekisoma kwa vidole na kukisahihisha. Kitabu chenye jina moja hakikutoka mlangoni. Kwa miaka kumi na mmoja jina la pili lilikuwa lile lile, Mwaringa. Na kwa miaka minne ya mwisho, la kwanza lilikuwa Kahonzi.

Kahonzi alikuwa na macho. Mzee Mwaringa surua ilimpokonya yake angali mtoto huko kwao Rabai. Basi Kahonzi aliketi kwenye kompyuta na mashine ya kuchapa, na mzee aliketi dirishani, karatasi nene mapajani. Hakushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, maana kidole cha shahada cha mkono huo ndicho kilichosoma, naye hakutaka kukiunguza. Akila samaki alinawa mara mbili kwa sabuni, akajifuta kidole baada ya kidole, ndipo akagusa kitabu.

"Kahonzi mwanangu," alimwambia siku za mwanzo, "haya uliyonipa ni maneno. Kitabu kiko wapi?"

"Si hicho, Mzee? Nimekagua, hakuna herufi iliyopotea."

"Herufi zipo, nimezikuta zote, hazijambo. Sasa mwalimu akisema fungueni ukurasa wa arobaini, mimi nifungue wapi?"

Akamfundisha. Ukurasa mmoja wa wino huzaa kurasa mbili au tatu za breli, kwa hiyo hesabu za vitabu viwili haziwezi kwenda pamoja. Ukurasa wa wino unapoisha, hata ukiishia katikati ya sentensi, mnukuzi hupiga mstari wa vitone kutoka ukingo hadi ukingo, na mwisho wake huandika nambari ya ukurasa mpya wa wino. Kidole kikiteremka ukingoni hukutana na mstari ule, kikajua kilipo. Kichwa cha somo hupewa mstari mtupu juu na mwingine chini. Aya huanzia nafasi ya tatu. Kila swali husimama peke yake.

"Nyinyi mwapewa rangi na picha," alisema mzee. "Sisi twapewa nafasi. Mtu akitunyima nafasi, hata akituandikia neno kwa neno, ametuacha barazani tusikie wenzetu wakicheka ndani."

Kahonzi alilishika somo lile, na kwa miaka minne hakulivunja.

Januari hiyo shule ilikuwa na watoto sita wasioona katika Gredi ya Nane, wakisoma darasa moja na wenye macho. Kitabu chao cha sayansi kilikuwa kipya, na karatasi nene zilizobaki stoo zilikuwa maboksi mawili. Kahonzi akapima. Kwa utaratibu wa siku zote kitabu kingekuwa juzuu tano, na karatasi zingetosha watoto watano tu. Mmoja angekosa. Akiiondoa mistari ya kurasa za wino, akayafuta mapengo ya juu na chini ya vichwa, akayasogeza maswali yafuatane kama treni, kitabu kilishuka hadi juzuu nne. Watoto wote sita wangepata, na nakala moja ingebaki ya akiba.

Mzee Mwaringa angekataa. Angesema, "Heri watano wasome na mmoja aazime, kuliko sita wapotee." Kahonzi alimsikia akisema hivyo hata kabla hajamwuliza, na ndiyo maana hakumwuliza. Mzee alikuwa Rabai, kalala, mapafu yamemsumbua tangu Krismasi.

Alipiga simu mara moja. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kile cha sayansi umekimaliza? Nitumie kwa gari la asubuhi. Kitanda hakinizuii kusoma."

"Bado, Mzee. Mashine imekwama."

"Mashine hiyo nayo," alisema mzee, akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Haya. Nangoja."

Mashine haikuwa imekwama. Ilikuwa ikichapa juzuu ya tatu, na Kahonzi alikuwa ametoka nje ya mlango ili isisikike. Siku ya pili yake akachapa kurasa za kwanza, zile za majina. Aliandika jina lake. Kisha, maana kitabu cha jina moja hakitoki mlangoni, akaandika na la pili. Alijiambia mzee akipona atakisoma, na makosa yatarekebishwa kabla ya muhula wa pili. Akavifunga vitabu, watoto wakavipokea, mwalimu mkuu akamsifu mbele ya walimu wote kwa kubana matumizi ya karatasi.

Mzee Mwaringa alifariki siku ya tisa baada ya simu ile.

Mazishini, katika kanisa la Rabai, watu walijaa hadi barabarani. Mwalimu mkuu aliposimama kumzungumzia marehemu, alitoa kwenye mfuko wa gunia juzuu ya kwanza ya kitabu cha sayansi, akaiinua juu. "Hata akiwa kitandani," alisema, "mzee huyu alikisoma kitabu hiki kwa ajili ya watoto wetu. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho." Watu wakaguna kwa uchungu na sifa. Mjane, Mama Charity, aliyepewa jina la binti yake wa kwanza, alinyoosha mikono akaomba nakala ile ibaki nyumbani. Akapewa juzuu zote nne. Kahonzi alikuwa safu ya tatu, kichwa chini, na waliomwona walidhani analia. Alikuwa hana hata chozi. Uso ulikuwa ukimwaka kama aliyepigwa kofi.

Angesema siku ile. Lakini nani husimama matangani kuvua mtu sifa? Ndivyo alivyojiambia, na wiki mbili zikapita.

Kisha Sumeiya akaja chumba cha vitabu. Alikuwa binti wa Takaungu, mmoja wa wale sita, na Mzee Mwaringa ndiye aliyemfundisha breli tangu akiwa na miaka saba. Alikuja na juzuu ya pili kifuani.

"Bi Kahonzi, nataka kukuuliza, lakini usimwambie mtu."

"Uliza, mwanangu."

"Mzee alikuwa mgonjwa sana alipokisoma hiki, sivyo? Mistari ya kurasa haimo. Kichwa cha somo nakipita kama sentensi ya kawaida, nashtukia niko somo jingine. Yeye asingeacha hivi akiwa mzima. Wenzangu walitaka kumwambia mwalimu. Nimewakataza. Maiti hasemwi."

Kahonzi alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, limeiva, lilihitaji kutemwa tu.

"Alikuwa mgonjwa, ndiyo," alisema.

"Nilijua," alisema Sumeiya, akaondoka akiwa ametulia, na Kahonzi akabaki ameshika ukingo wa meza. Uongo wa kwanza ulikuwa wa karatasi. Huu alimwekea mtoto mkononi aende nao.

Jumatatu iliyofuata alikuwa akipita ukumbini na rundo la makaratasi aliposikia sauti ya Mwalimu Musyoka kutoka Gredi ya Nane.

"Ukurasa wa hamsini na tisa, swali la nne. Sumeiya, soma."

Karatasi zikafunguliwa, zikafunuliwa tena.

"Sumeiya, sisi tuko hamsini na tisa. Wewe umeshukia Mariakani?"

Darasa likacheka.

"Nimefungua hamsini na tisa, mwalimu."

"Basi soma."

Sumeiya akasoma habari za mizizi ya mimea, maana hamsini na tisa ya breli ilikuwa kama ishirini na mbili ya wino. Darasa likacheka zaidi. Wenzake watano wasioona waliinamia vitabu vyao.

"Tunasoma umeme huku!" alisema Musyoka. Hakuwa mtu mbaya, ila hii ilikuwa mara ya nne. "Kitabu si kimetengenezwa na mtu aliyekijua? Kina kasoro?"

"Hakina kasoro, mwalimu," alisema Sumeiya. "Mimi sikuwa nasikiliza."

"Simama nyuma mpaka kipindi kiishe. Pengine ukisimama utasikiliza."

Kahonzi alisikia kiti kikisukumwa, na viatu vikienda nyuma ya darasa polepole, mkono ukipapasa madawati. Akaingia bila kubisha.

"Mwalimu Musyoka, mkalishe. Kitabu kina kasoro, na kasoro ni yangu."

"Bi Kahonzi, hayo tungeyaongea ofisini."

"Hapana, hapa. Mistari ya kurasa niliiondoa mimi ili karatasi zitoshe. Mzee Mwaringa hakukisoma kitabu hiki. Hakukigusa. Nilimwandika jina akiwa kitandani, hajui."

Musyoka alikuwa na chaki mkononi, akaitazama kama hajui ni ya nini. Kisha alikwenda nyuma mwenyewe, akamshika Sumeiya bega. "Nisamehe," alimwambia. "Kaa."

Sumeiya hakukaa. Aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya Kahonzi.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuja mwenyewe nikakuuliza. Wiki nzima namwombea asamehewe makosa ya kitabu. Mama Charity anajua?"

"Hajui."

"Basi umetuambia sisi kwa nini kabla yake?"

Alasiri ile ile Kahonzi alikwenda Rabai. Alimkuta Mama Charity uani akichambua mchicha, bado amevaa kitambaa cheusi. Juzuu nne zilikuwa sebuleni juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa cha kufumwa. Kahonzi alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama, ya karatasi, ya simu, ya mashine, ya jina. Alisema pia alivyomjibu mtoto. Hakujitetea, maana kila utetezi alioufikiria njiani ulikuwa umeoza kabla ya kufika.

Mjane aliendelea kuchambua mchicha mpaka ukaisha.

"Kila asubuhi," alisema hatimaye, "aliniambia nimletee beseni. Akanawa. Akanipa mkono wa kushoto nimkate kucha, zimekuwa nyeusi kwa homa. Kisha ananiuliza, gari la Kilifi limefika? Namwambia limefika, hakuna mzigo. Anasema, mashine hiyo inawatesa wale." Akainua macho. "Siku saba, Kahonzi. Mkono wake ulikuwa mzima. Mapafu ndiyo yalikufa, mkono ulikuwa mzima."

Kahonzi hakuwa amelijua hilo. Katika kila hesabu aliyojipigia ya kosa lake, mzee alikuwa amelala hajiwezi, na kitabu kisingesomwa kwa vyovyote. Akakaa chini kwenye mchanga wa ua.

"Nisamehe, Mama."

"Hilo silijibu leo." Mama Charity aliingia ndani, akatoka na juzuu zote nne, akaziweka chini mbele yake moja moja. Zilikuwa nzito. "Nimezipangusa vumbi kila siku nikidhani nashika kazi yake. Ziondoe. Na kwenye kanisa lile lile alikosifiwa kwa hizi, Jumapili utasimama useme kama ulivyosema hapa. Mimi nitakaa mbele."

"Nitasema."

"Na watoto wale kesho watafungua wapi?"

Kahonzi alijifuta uso kwa kiganja. Hakuwa na karatasi za kuchapa kitabu upya, na muhula ulikuwa bado na wiki saba. Alitoa kwenye mkoba kitabu cha wino na kalamu ya risasi, akafungua juzuu ya kwanza mapajani, akaanza kutafuta mahali ukurasa wa pili wa wino ulipoanzia. Ulianza katikati ya sentensi, kama kawaida yake. Akatia alama ukingoni, mahali pa kubandika ukanda wa nambari ya breli, akaendelea na wa tatu. Mama Charity alimpita na beseni la mchicha, akaenda kuwasha moto, asimfukuze wala asimkaribishe.